Jinsi michoro ya farasi na ng'ombe inavyowasomesha madaktari wa mifugo

KILA Januari, baridi inapouma katika mji wa Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, wafugaji humiminika huko wakiwa na ng'ombe, farasi, kondoo na nguruwe wao. Huwa wamefika kwa maonyesho ya mifugo ya National Western Stock Show, yaliyoanza mwaka wa 1906 na ambayo huendelea kwa muda wa siku 16.

Katika uwanja huohuo uliojaa harufu ya nyasi kavu na samadi, upo ukumbi mmoja usio na kelele. Humo hamna fahali wala dalali wa mifugo. Kuna michoro iliyotundikwa ukutani na sanamu za shaba, na watu wanaotembea polepole wakitazama milima, malisho, farasi waliolowa jasho na nyuso za wafugaji wakongwe.

Onyesho hilo la sanaa, ambalo limejulikana kwa jina la Coors Western Art, lilianzishwa mapema katika miaka ya 1990. Mapato yake huisaidia hazina ya National Western Scholarship Trust, inayowafadhili wanafunzi wa kilimo, udaktari wa mifugo na utabibu wa mashambani katika vyuo vya Colorado na majimbo jirani.

Kwa mtazamaji wa juujuu, uhusiano wa mambo haya mawili ni wa kushangaza. Mchoro wa farasi unahusiana vipi na karo ya mwanafunzi anayejifunza kumtibu farasi? Na ikiwa matajiri wa Denver wanataka kuwasaidia wanafunzi, mbona wasitoe tu hundi na kwenda zao?

Jibu limo katika methali ya wahenga kwamba mkono mtupu haulambwi. Mpango huu umedumu kwa sababu hakuna anayeombwa kutoa bila kupata. Mnunuzi huondoka na mchoro, msanii huondoka na malipo ya jasho lake, nayo hazina ya wanafunzi hubaki na fungu lake.

Deni linalowakimbiza vijana mijini

Ili kuelewa kwa nini fungu hilo lina umuhimu, sharti kwanza mtu atazame safari ya kijana wa Marekani anayetaka kuwa daktari wa mifugo. Kwa kawaida huanza na shahada ya kwanza ya miaka minne, kisha akaingia katika chuo cha udaktari wa mifugo kwa miaka minne mingine. Colorado ina chuo kimoja cha aina hiyo chenye sifa kubwa, kilicho katika Chuo Kikuu cha Colorado State mjini Fort Collins, ambacho kilianza kufunza taaluma hiyo mwaka wa 1907.

Masomo hayo ni ghali. Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, wastani wa deni la wahitimu waliokopa ili kusoma udaktari wa mifugo nchini Marekani umezidi dola 100,000, ambazo ni zaidi ya Sh12 milioni za Kenya. Wengi huanza kazi wakidaiwa kiasi ambacho kingetosha kununua nyumba katika baadhi ya miji midogo ya nchi hiyo.

Deni hilo ndilo humchagulia kijana mahali pa kufanya kazi. Kliniki ya mbwa na paka mjini hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na wateja wake hulipa papo hapo. Daktari wa ng'ombe huendesha gari mamia ya kilomita, huamshwa usiku wa manane kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na mkulima anayemhudumia huenda naye anasubiri bei ya maziwa ipande ndipo alipe.

Si ajabu basi kwamba chini ya daktari mmoja katika kila kumi wa mifugo nchini humo ndiye anayeshughulika hasa na wanyama wa chakula. Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo kila mwaka hutangaza maeneo yaliyokosa madaktari hao, imeorodhesha zaidi ya maeneo 200 katika miaka ya hivi karibuni.

Upungufu huo hauwaumizi wafugaji peke yao. Mnamo Machi 2024, homa ya ndege aina ya H5N1 ilithibitishwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, katika majimbo ya Texas na Kansas. Kabla ya mwaka kwisha, makundi mengi ya ng'ombe wa Colorado yalikuwa yameambukizwa, na katika kaunti ya Weld ugonjwa huo uliwapata wafanyakazi wa mashamba ya kuku. Anayeutambua ugonjwa kama huo kwanza ni daktari aliyezoea kuingia zizini, naye akikosekana, habari huchelewa.

Mnamo Novemba mwaka huohuo, wapigakura wa Colorado waliidhinisha kuundwa kwa ngazi mpya ya wahudumu wa afya ya wanyama watakaofanya kazi chini ya usimamizi wa madaktari. Waliounga mkono pendekezo hilo walisema litapunguza uhaba. Waliolipinga, wakiwemo viongozi wa chama cha kitaifa cha madaktari wa mifugo, walisema mafunzo ya wahudumu hao hayatatosha. Pande zote mbili, hata hivyo, hazikukana kwamba kuna mashamba yanayokaa bila daktari.

Kisanduku au nyundo

Uuzaji wa sanaa kwa ajili ya hisani hufanywa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mnada unaofahamika na wengi, ambapo wanunuzi hupandishiana bei hadi nyundo inapogongwa. Ya pili ni ya bei iliyowekwa. Hii hutumiwa sana katika maonyesho ya sanaa ya Magharibi mwa Marekani, yaani sanaa ya malisho, mifugo na maisha ya wachungaji, ambayo ilipata umaarufu kupitia wasanii kama Frederic Remington (1861-1909) na Charles Russell (1864-1926).

Katika njia hiyo ya pili, kila mchoro hubandikwa bei yake mapema. Anayeutaka huandika jina lake kwenye kikaratasi na kukitia katika kisanduku kilicho kando ya mchoro. Muda ukifika, kikaratasi kimoja huchomolewa, na mwenye jina hilo hupata nafasi ya kuununua kwa bei ileile iliyotangazwa. Akighairi, kikaratasi kingine huchomolewa.

Kila njia ina faida zake. Mnada unaweza kuifikisha bei mahali ambapo hakuna aliyepatarajia, hasa matajiri wawili wanaposhindania kitu kimoja mbele ya umati. Lakini pia unaweza kumwaibisha msanii, kwani mchoro ukiuzwa kwa bei ya kutupa, habari hizo humfuata sokoni na kuwafanya wanunuzi wake wa awali kujiuliza kama walipunjwa. Bei iliyowekwa humlinda msanii na aibu hiyo, na humpa mnunuzi wa kipato cha wastani nafasi sawa na tajiri.

Mbali na mauzo yenyewe, onyesho kama hili hupata mapato mengine. Wageni hununua tiketi za karamu ya ufunguzi ili wawe wa kwanza kuiona michoro. Kila mwaka huteuliwa msanii mmoja wa heshima, ambaye kazi yake hugeuzwa kuwa bango la maonyesho. Tena kuna mfadhili mkuu, ambaye katika onyesho la Denver ni kampuni ya bia ya Coors, iliyoanzishwa mwaka wa 1873 katika mji jirani wa Golden.

Mfadhili wa aina hiyo ana umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Kukodi ukumbi, kusafirisha sanamu nzito, kulipia bima na kuwaandalia wageni chakula ni gharama zinazoweza kulimeza pato lote. Pasipo mtu wa kuzibeba gharama hizo, mnada wa hisani unaweza kuwafurahisha wageni na kumwachia mwanafunzi makombo.

Kwa nini msanii hulipwa

Ni kawaida ya waandaaji wa harambee duniani kote kumwendea msanii na kumwomba atoe mchoro bure, wakimwambia kwamba ataupata umaarufu. Sheria ya Marekani inaonyesha waziwazi ni kwa nini ombi hilo ni zito kuliko linavyosikika.

Tangu mageuzi ya sheria za ushuru ya mwaka wa 1969, msanii wa Marekani anayetoa kazi ya mikono yake mwenyewe kwa shirika la hisani huruhusiwa kuondoa katika hesabu zake gharama ya vifaa pekee: turubai, rangi na fremu. Miezi aliyoitumia kuchora haihesabiwi kitu. Kwa upande mwingine, mtu aliyeununua mchoro wa msanii huyo na kuuweka kwa miaka kadhaa, akija kuutoa kwa jumba la makumbusho, aghalabu huruhusiwa kuhesabu thamani yake nzima ya sokoni.

Mnunuzi katika onyesho la hisani naye ana mpaka wake. Kinachotambuliwa na sheria kuwa mchango wake ni kile kiasi tu kinachozidi thamani halisi ya mchoro. Akilipa dola 12,000 kwa mchoro wa thamani ya dola 10,000, mchango wake ni dola 2,000.

Kwa sababu hizo, maonyesho yanayodumu hayamtegemei msanii kama mfadhili. Humchukulia kuwa mshirika, na pato la mchoro hugawanywa baina yake na hazina, kama vile duka la sanaa ambavyo lingekata fungu lake. Tofauti ni kwamba fungu ambalo lingekuwa faida ya mwenye duka sasa hugeuka kuwa karo ya mwanafunzi.

Tuseme mchoro umeuzwa kwa dola 10,000 na makubaliano ni kwamba msanii atwae asilimia 60. Msanii atapata dola 6,000 na hazina dola 4,000. Msanii aliyelipwa vizuri atarudi mwaka ujao, tena akiwa na kazi yake bora. Aliyeombwa bure mara tatu, mara ya nne ataleta mchoro uliokosa mnunuzi chumbani mwake.

Kisima kisichokauka

Fedha zikishapatikana, waandaaji hukabiliwa na swali jingine: zitumiwe zote mwaka huohuo, au ziwekwe akiba?

Njia ya hazina ya kudumu ni kuutunza mtaji wenyewe na kutumia tu sehemu ya faida inayotokana na uwekezaji wake. Vyuo vingi vya Marekani hutumia takriban asilimia 4 au 5 ya akiba zao kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, mtaji wa dola milioni 1 unaweza kutoa baina ya dola 40,000 na 50,000 kila mwaka pasipo mtaji kumalizika.

Faida ya mpangilio huo huonekana mambo yanapoharibika. Maonyesho ya Denver ya Januari 2021 hayakufanyika kutokana na janga la Covid-19, na yakaahirishwa hadi mwaka wa 2022. Hazina inayotegemea mauzo ya mwaka mmoja tu ingelazimika kuwaambia wanafunzi wasubiri. Yenye akiba huendelea kulipa hata ukumbi unapofungwa, kwani mwanafunzi wa mwaka wa tatu hawezi kuyasimamisha masomo yake hadi soko la michoro lifufuke.

Hazina ya Denver pia haisimami kwa mguu mmoja. Katika maonyesho hayohayo hufanywa mnada wa wanyama bingwa waliofugwa na vijana, na sehemu ya fedha zake huingia katika mfuko huo wa masomo.

Kalamu za rangi za Houston

Mbali na Denver, upande wa kusini katika jimbo la Texas, wazo hili limechukua sura nyingine. Maonyesho ya Houston Livestock Show and Rodeo, yaliyoanzishwa mwaka wa 1932, yamekuwa yakiendesha mashindano ya uchoraji kwa watoto wa shule tangu miaka ya 1960. Wanafunzi wa shule za msingi na za upili huchora maisha ya mashambani na ya wachunga ng'ombe. Waamuzi huchagua kazi bora, nazo hupelekwa mnadani.

Bei za mnada huo humshangaza yeyote anayezisikia mara ya kwanza. Katika miaka ya hivi karibuni, mchoro wa mwanafunzi bingwa umenunuliwa kwa zaidi ya dola 100,000. Hakuna anayeamini kwamba kazi ya kijana wa shule ina thamani hiyo sokoni. Wanunuzi, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wanaojiunga pamoja, wanajua wanachangia elimu.

Ndiyo maana waandaaji huweka kikomo cha kile anachochukua mshindi, na kinachozidi kikaenda kwa mfuko wa elimu. Utaratibu huo hutumika pia kwa mifugo. Mwaka wa 2022 maksai bingwa wa Houston aliuzwa kwa dola milioni 1, lakini kijana aliyemfuga hakutia mfukoni fedha hizo zote. Tangu kuanzishwa kwake, taasisi hiyo imetoa zaidi ya dola milioni 500 kwa vijana na elimu katika jimbo la Texas.

Kikomo hicho kina hekima. Kijana hutuzwa vya kutosha kumtia moyo, lakini ushindi wa mmoja huwa ngazi ya wengine wengi ambao hawakujaliwa kipawa cha kuchora wala zizi la kufugia maksai.

Pale michoro isipofika

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba sanaa inaweza kuumaliza uhaba wa madaktari wa mifugo. Ufadhili wa dola elfu chache kwa mwaka ni afueni, lakini ni mdogo ukilinganishwa na deni linalozidi dola 100,000. Aidha, soko la sanaa hushuka uchumi unapoyumba, yaani wakati uleule ambapo familia za wanafunzi hubanwa zaidi.

Udhaifu mwingine ni kwamba mwanafunzi anayefadhiliwa hivi kwa kawaida hafungwi na mkataba wa kurudi mashambani. Anaweza kuhitimu na kufungua kliniki ya paka mjini, na hakuna atakayemdai.

Serikali ya Marekani ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka wa 2003, iliyoanzisha mpango wa kuwalipia madeni madaktari wanaokubali kufanya kazi kwa miaka mitatu katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na uhaba. Madaktari wa kwanza walichaguliwa mwaka wa 2010, na kwa miaka mingi kila mmoja aliweza kulipiwa hadi dola 25,000 kwa mwaka.

Mipango hii miwili haipingani. Ule wa serikali huja baada ya deni kuwa limekwisha kumwelemea kijana. Fedha za sanaa huja mapema, angali darasani, wakati ambapo kiasi kidogo kinaweza kuamua iwapo mtoto wa mfugaji ataendelea na masomo au atarudi nyumbani. Hata dola 5,000 ambazo hazikukopwa katika mwaka wa kwanza ni dola ambazo hazitazaa riba kwa miaka ijayo.

Kilicho karibu na nyumbani

Kwa msomaji wa Kenya, mambo haya si mageni kama yanavyoonekana. Chama cha Kilimo cha Kenya (ASK) huandaa maonyesho katika miji mbalimbali, likiwemo lile la kimataifa la Nairobi katika uwanja wa Jamhuri, ambako ng'ombe bingwa hupitishwa mbele ya umati kama ilivyo Denver. Mafunzo ya udaktari wa mifugo yamekuwa yakitolewa Kabete tangu kitivo chake kilipohamishwa kutoka Makerere, Uganda, mwaka wa 1962, na shahada hiyo huchukua miaka mitano.

Soko la sanaa nalo lipo. Tangu mwaka wa 2013, minada ya sanaa ya Afrika Mashariki imekuwa ikifanywa jijini Nairobi, na michoro ya wasanii wa eneo hili imeuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Harambee, kwa upande wake, ni desturi iliyowasomesha maelfu ya watoto kabla na baada ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) kuundwa mwaka wa 1995.

Haja ya madaktari hao pia inafahamika. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka kaskazini mashariki mwa nchi mwishoni mwa 2006 na kuendelea hadi 2007, iliwaua zaidi ya watu 100 nchini na kuangamiza mifugo wengi wa wafugaji wa kuhamahama. Ugonjwa huo huanza kwa mifugo kabla ya kumfikia binadamu, na dalili yake ya mapema ni mimba nyingi kutoka kwa kondoo na mbuzi kwa wakati mmoja. Palipo na daktari wa mifugo, dalili hiyo husomwa kabla ya watu kuanza kuzikwa.

Yeyote atakayetaka kuiga mfano wa Denver na Houston, iwe ni katika uwanja wa Jamhuri au kwingineko, atakuta kwamba mchoro wenyewe ndio sehemu rahisi ya kazi. Kigumu ni kanuni zinazouzunguka: msanii alipwe fungu lililoandikwa mapema, gharama za hafla zibebwe na mfadhili, mtaji uhifadhiwe, na hesabu zisomwe hadharani ili aliyenunua ajue ni nani aliyesoma kwa fedha zake.

Kanuni hizo zikikosekana, hafla hubaki kuwa karamu ya usiku mmoja. Zikifuatwa, farasi aliyechorwa na msanii ambaye huenda hajawahi kumgusa farasi mgonjwa anaweza, miaka michache baadaye, kuwa ndiye aliyemleta daktari kwenye zizi la mkulima usiku wa manane.